Hodi Tatu

Kabla sijaja na kompyuta yangu,
Sista Onziru ndiye aliyekuwa waya.
Kila nusu saa, kutoka wodi ya watoto
hadi dirisha la maabara, ng'ambo ya ua:
"Majibu tayari?"
"Bado."
Kiatu chake cha kushoto kimelika kisigino,
upande ule wa kugeukia.

Nami, niliyelipwa kumpunguzia hatua,
nikaandika programu yenye tabia ileile.
Kila sekunde kumi inapanda hadi Kampala,
kwenye seva yanakolala majibu ya ng'ambo ya ua:
Tayari? Bado. Tayari? Bado.
Maswali elfu nane, mia sita na arobaini kwa siku,
na majibu yenye maana kumi na tisa.
Jumatano data ikaisha.
Mhasibu Anguyo alininyoshea risiti bila neno,
kama mtu anayekuonyesha kidonda.

Basi nikageuza.
Tusiulize, nikasema. Tuambiwe.
Nikaipa seva anwani yetu, nikaweka mlango,
na neno la siri, asije akaingia kila mpita njia.
Nikaketi.
Kimya kitamu, cha mtu ajuaye ataitwa.
Saa nne na dakika saba: hodi!
Kitanda cha sita, malaria ipo, damu pungufu.
Hakuna aliyeuliza.
Juma zima nilitembea Arua
kama mimi ndiye niliyegundua moto.

Ijumaa umeme ukakatika hadi Ediofe.
Saa tisa usiku betri nayo ikakata roho.

Hodi ina adabu zake, ndivyo tulivyofundwa:
bisha mara tatu; usipoitikiwa, rudi ulikotoka.
Seva ya Kampala ina adabu.
Ikabisha. Giza.
Ikabisha. Giza.
Ya tatu, kisha ikaandika "hawapo", ikaenda zake.

Asubuhi mashine ikaamka
haijui kwamba mgeni alikuja.
Kimya kilekile, kitamu vilevile.
Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi:
kimya cha "hakuna jipya"
na kimya cha "hamkusikia"
huvaa kanzu moja.

Sista Onziru hakungoja nimalize kutafakari.
Alivuka ua.
"Majibu tayari?"
"Tangu usiku, Sista."

Sasa wanafunzi wangu huniuliza kipi bora,
wakitaka neno moja waandike daftarini.
Nawaambia mlango nimeuacha, abishaye na abishe.
Ila kila ifikapo saa kamili
programu ile kongwe huamka, hupanda mara moja tu,
ikauliza: kuna hodi tuliyoikosa?
Karibu siku zote jibu ni hapana.
Gharama yake haifiki bei ya chapati,
na Anguyo ametia saini, kwa shingo upande.

Sista Onziru naye amepeleka viatu kwa fundi.
Ameweka soli mpya.
Hakuvitupa.