Kibubu

Usisimame hapo langoni, Bwana Kithinji,
ingia. Hatabweka.
Najua umekuja Ruai kutafuta kubweka,
umekula vumbi lote la barabara ya Kangundo na hundi mfukoni,
na sasa unamtazama huyu, mweusi kama masizi ya sufuria,
madoa mawili ya kahawia juu ya macho,
naye anakutazama tu.
Jina lake Kibubu.

Wengi hudhani ni kwa sababu ya ukimya.
La. Mababu zake walikuwa mbwa wa wachinjaji,
Ujerumani huko, kwenye baridi.
Waliswaga ng'ombe hadi mnadani,
na jioni mwenye ng'ombe, akijua atapitia kilabuni,
aliufunga mkoba wa fedha shingoni mwa mbwa
kisha akalewa kwa amani.
Niambie benki gani ya hapa Nairobi
ungeiachia pesa zako ukalala mtaroni hivyo.

Kisha reli ikaja.
Ng'ombe wakapandishwa mabehewa,
marotwaila wakabaki na shingo tupu.
Sisi reli ilituzalia jiji;
wao iliwafuta kazi.
Karibu waishe. Waliosalia
wakapewa kazi ya polisi, halafu ya ukuta,
na ukuta ndio uliowaharibia jina.

Huyu nilimtoa Runda.
Kibanda cha mabati, futi nne kwa sita,
jua zima la Januari.
Mchana hafunguliwi, asije akazoea watu;
usiku anafunguliwa, awaume asiowazoea.
Wali na pilipili, ili awe mkali.
Kilichokuwa kikali ni tumbo.
Na nje kibao chekundu: MBWA KALI.
Hata ngeli ya viumbe hai walimnyima,
kana kwamba ni pombe, au jua.

Hii alama kiganjani ni yake, sifichi.
Wiki ya kwanza, Jumanne, niliingia kwa pupa
na bakuli mkononi, nikinuka dawa ya mbu.
Aliuma, akaachia, akarudi pembeni
akatetemeka kuniliko mimi.
Daktari Nabwire alinishona nyuzi saba.
Nikarudi, nikaketi sakafuni, nikampa mgongo,
nikamenya njegere za kutosha matanga.
Siku ya tisa nikahisi uzito begani.
Ndivyo walivyo: hukuegemea.
Asiyewajua hudhani anasukumwa.

Mafunzo? Usitarajie siri.
Keti. Ngoja. Acha. Njoo.
Kwa Kiswahili, maana katika jiji hili
hata mbwa hukaripiwa kwa Kiingereza,
na kusifiwa hasifiwi kwa lugha yoyote.
Vipande vya maini kutoka Dagoretti,
saa kumi na mbili asubuhi, kamba imelegea,
tukiwapita watoto wa shule, bodaboda,
mbuzi wa Mama Nyokabi wasio na adabu.
"Keti" ilikuwa kazi ya alasiri moja.
"Ngoja" ilituchukua miezi mitatu.
Mimi pia nilikuwa siijui.

Unauliza kama anaweza kumrarua mtu.
Anaweza. Hata wewe unaweza, bwana.
Hilo halifunzwi; tunafunza yale mengine.

Unauliza anakula kiasi gani,
unauliza kama akifungiwa wiki mbili atachachamaa,
na muda huu wote, huoni,
ameshakuegemea goti.
Suruali imejaa manyoya.
Nawe umeinua mikono juu
kama mtu anayeporwa mtaa wa River.

Basi, rudisha hundi yako mfukoni.
Ila kile kibao cha Runda ninacho, nyuma ya tangi la maji;
walinitupia pamoja na mnyororo.
Nakupa bure. Kakipigilie langoni kwako.
Hakili, hakiugui,
na ukikigonga misumari
hakikumbuki aliyekigonga.