Pia

Saa kumi na mbili na nusu, Newala bado imejifunika ukungu,
magoli ya netiboli hayana vichwa.
Nina kreti tupu la soda,
simu ya mume wangu yenye ufa kwenye kioo,
na plasta nyeupe nilizokopa duka la dawa kwa Nandonde.

Leo hatuchezi, nawaambia. Leo tunatua.
Wanacheka. Kutua ni kwa ndege, mwalimu,
kwa jua, kwa mzigo.
Ndiyo, nasema. Mzigo ni ninyi.

Panda kreti. Usiruke, dondoka,
kama bibo lililochoshwa na tawi.
Gusa chini kwa miguu miwili, halafu juu tena, mikono hewani,
kama pete iko pale ambapo ukungu umeificha.

Siangalii nyuso. Naangalia plasta mbili,
kila moja juu ya pia ya goti:
zitabaki usawa wa kidole cha pili cha mguu,
au zitasogeleana katikati
kama majirani wenye siri?

Esha Chilumba: sifuri. Safi.
Tabia: la kushoto linachungulia ndani. Moja.
Mapacha wa Mnyambe, tumbo moja, chakula kimoja,
huyu sifuri, huyu mbili,
wanatazamana kama wamedanganywa.
Zawia anatua kama gunia lililoshushwa na mtu mwenye hasira;
kuku wa jikoni wanatawanyika.
Moja, na alama ya kuuliza ambayo fomu haikuiomba.

Kisha Somoe, mfungaji wetu,
ambaye akiruka refa husahau filimbi mdomoni.
Anatua. Magoti yanabusiana.

Narudisha video, picha baada ya picha.
Nyonga imelegea, paja limegeuka ndani,
unyayo umelala ubavu,
na goti, maskini, halina kosa lolote,
limekaa tu kati ya wagomvi wawili
likipokea ngumi zote.
Mbili.

Baba yake anavuka uwanja akitoka mikoroshoni,
salfa imempaka njano hadi kwenye nyusi.
Mwanangu anaumwa?
Hapana.
Kaanguka?
Hapana.
Sasa mwalimu, unampima nini?

Nakosa neno. Namwonyesha mikorosho yake:
ile haijaugua, mbona unaipulizia?
Anatazama viganja vyake.
Salfa naijua bei, anasema. Hii yako ni shilingi ngapi?

Dakika kumi kila asubuhi, namjibu.
Kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele ya kioo cha mama yake.
Kulala chali, kuinua nyonga, kuhesabu polepole.
Na kutua kimya, kimya, mpaka kuku wasishtuke.

Simwambii mengine. Kwamba wapo wenye mbili
walioruka ujana wote wakazeeka
na goti halijawahi kusema neno.
Kwamba namba hii si ramli, hainijulishi siku wala uwanja.
Kwamba mimi hakuna aliyenipima.
Masasi, robo fainali, nilidaka pasi nikageuka,
nikasikia kuni kavu ikivunjwa
na nikatafuta nani kaivunja.

Anaondoka bila kusema ndiyo.
Ila namwona, kule karibu na mkorosho wa kwanza,
anaweka bomba chini,
anasimama kwa mguu mmoja,
anachuchumaa kidogo, anajitazama goti,
anayumba, anashika tawi.

Somoe amechukua simu.
Imebaki plasta moja, anasema. Kaa, mwalimu.
Ananibandika juu ya kovu, anapiga kidogo kwa kiganja ishike.
Na yako pia.
Sijui anataja mfupa au ananiunga kwenye orodha.

Napanda kreti. Wasichana kumi na wanne wameinama,
hakuna anayeutazama uso wangu.
Dondoka, anasema.

Kuku mmoja tu alishtuka.