Saa Tano Kasorobo

Alhamisi ndio usiku pekee
ambao baba hakuwa lindoni, ghalani Chang'ombe.
Alioga mapema, akafunga msuli wa mistari,
akaipangusa kwa kipande cha kanga ile runinga ya chogo
aliyoinunua kwa mkopo kwa fundi Mdachi wa Keko,
picha yake ya kijani upande mmoja
kama shavu la mtu aliyelalia jani.

Halafu Hamduni Mkwizu akaingia nyumbani kwetu.

Hakuwa mzuri wa sura. Suti ya kaki, ileile,
tai imekaa upande kama ulimi wa mbuzi aliyechoka,
na kile kiti chake kilicholia ngwii
kila alipomwinamia mgeni.
Watangazaji wengine walikuja na maswali kwenye kadi.
Yeye alikuja na neno moja:
"Enhe?"
Kisha ananyamaza.
Mungu wangu, yule mtu alijua kunyamaza.

Nilimwona waziri akitota jasho mbele ya kimya kile
mpaka akakiri mwenyewe deni la sukari dukani kwa Mpemba.
Nilimwona bondia wa Manzese, pua imepinda mara mbili,
akisimulia anavyoogopa sindano.
Mchimba makaburi wa Kisutu alituambia
huwa anapiga hodi kwa jembe, mara tatu,
kabla hajaanza kuchimba.
Kwa nini, hakuulizwa.
"Enhe?" tu,
na mzee wa watu akaeleza, akaeleza,
kahawa ikamwia baridi mkononi.

Usiku mmoja alikuja Bi Mwanahawa Chuma,
aliyeunganisha simu za mji mzima enzi za waya,
akasikia mengi, kwa bahati mbaya, alisema,
na tabasamu ambalo halikuwa la bahati mbaya.
"Kuna mwanamume alikuwa akipiga kila Ijumaa,
namba ambayo najua haikuwa na mtu..."
"Enhe?"

Umeme ukakatika.

Keko nzima ilitoa sauti moja: "Aaah!"
Hakuna aliyetafuta kibatari.
Mama Shangwe akapaza ng'ambo ya ukuta: huyo mjane, anamlilia mkewe!
Fundi Mdachi akajibu: mjane gani, huyo anakwepa deni!
Walibishana dirisha kwa dirisha hadi saa saba,
kila mmoja na mwisho wake.

Baba hakutia neno.
Ghala lilikuwa limemzoesha kuongea na makufuli.
Lakini gizani mle nikamsikia akigeuka,
kitanda cha kamba kikilia ngwii,
karibu sawa na kile kiti.
"Na wewe, huko shuleni?"
Nikasema salama.
"Enhe?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu
kisha akasubiri.
Nikamwambia habari za mwalimu wa hesabu, za viatu,
za ile hofu ya asubuhi ambayo sikuijulia jina.
Umeme uliporudi, kioo kilikuwa chenga tupu.
Hatukuinuka kuzima.

Jana habari imekuja kwenye simu:
Mkwizu hatunaye, tangu alfajiri.
Watu wanaandika gwiji, nguli, nyota imezimika.
Sawa. Mimi nakumbuka tai.

Nikampigia baba. Yuko Mkuranga siku hizi
na anasahau: jina la mjukuu, funguo,
kama amekula au bado.
"Baba, unamkumbuka Mkwizu? Yule wa Alhamisi?"
Kimya.
Mbwa wa jirani, redio ya mbali, pumzi zake.
Nikadhani laini imekufa. Kidole kilikuwa njiani kukata.

"Enhe?" akasema.

Nikavuta stuli.
Nikaanza na yule bibi wa simu,
na namba isiyo na mtu,
nikitia chumvi kuanzia pale
umeme ulipokatika.