Maneno ya Kutu

Novemba, mvua ya kwanza juu ya mabati ya atelye,
na injinia akatandaza karatasi zake mezani:
maneno thelathini na mawili, yote Kifaransa.
"Yageuze," akaniambia, "vijana wayasome kabla hawajapanda tangini."
Mimi karani wa stoo. Kazi yangu kuhesabu boliti na glavu.
Sikujua kama chuma kina magonjwa mengi hivi.

Kutu, sawa, kutu nani asiyeijua.
Iko kwenye geti la parokia kule Katuba,
kwenye mnyororo wa baiskeli ya muuza makala,
kwenye kisu kilicholala nje usiku mmoja.
Lakini hii nyingine,
akabonyeza ncha ya kalamu mpaka karatasi ikapasuka,
"inachimba hapa tu, padogo kama kichwa cha sindano,
na pembeni yake chuma kinang'aa."
Nikaandika: ndui.
Alicheka, ila hakuifuta.

Ikaja ya shaba na chuma, vikikaa pamoja penye unyevu:
kimoja kinabaki na afya, kingine kinakonda.
Kisimba, aliyekuwa akichomelea pale mlangoni, akainua kinyago:
"Hiyo andika shemeji. Nimekaa na wangu miaka sita."

Na ile inayotembea chini ya rangi.
Tangi namba nne tulilipaka kila Desemba rangi ya fedha,
wageni wakapewa helmeti mpya, picha zikapigwa.
"Kikulacho ki ndani ya rangi yako," akasema Kisimba,
na safari hii hakuna aliyecheka.

Kuna neno la chuma kubeba mzigo uleule katika joto lileile
mwaka hadi mwaka. Hakivunjiki. Kinarefuka,
unywele kwa unywele.
Nikatazama juu: mabano ya bomba la mvuke yamelegea
kama mabega ya watu wanaodai mshahara wa miezi saba.
Kutambaa, nikaandika.

La ishirini na tisa sikuhitaji kuelezwa.
Uchovu.
Lilikuwa kwenye ripoti ya Kyembe:
boliti ya ngazi, imekatika kwa uchovu. Mstari mmoja, na muhuri.
Numbi, mjane wake, aliniletea stoo nimsomee.
Nikamsomea.
"Aliyechoka nani? Yeye au chuma?"
Chuma, nikamwambia.
Akaikunja ile karatasi mara nne.
"Kumbe chuma kikichoka kinaandikiwa."

Injinia hakumjua Kyembe. Akaendelea kufundisha:
si mzigo mkubwa unaoua, ni mdogo unaorudi,
kupanda, kushuka, kupanda, kushuka na ndoo ya asidi.
Ufa huanzia mahali pa kijinga,
mkwaruzo wa spana, namba iliyogongwa kiwandani.
Ukitazama pale palipokatika utaona mistari,
mmoja ndani ya mwingine, kama malakiti iliyopasuliwa.
Kila mstari ni siku zilizobebwa.
Kipande cha mwisho tu ndicho hukatika kwa kishindo,
nasi tunasema: ghafla.

Sikumwambia kuhusu daftari langu.
Ukurasa wa Machi, mwandiko wa Kyembe, mzito, wa kuegemea kushoto:
boliti za ngazi, kumi na mbili, tafadhali.
Chini yake mwandiko wangu mzuri:
stoo haina.
Zilikuja Juni. Bado ninazo, na mafuta yake.

Sasa ni usiku, nyumbani, bukari imepoa kwenye sahani.
Limebaki neno moja, lile la mwisho, lenye yote ndani yake:
kitu kuacha kufanya kazi kiliyotengenezewa.
Injinia amependekeza kushindwa.
Naandika, nafuta. Naandika kuachilia, nafuta.
Karatasi inazidi kukonda palepale,
na pembeni yake ni nyeupe, safi.
Ikitoboka, nitaiacha hivyo.
Kesho nitawapa vijana waishike juu ya taa.