Mfuko wa Mifuko

Chini ya sinki la mama, ghorofa ya nne, Gdynia,
umening'inia mfuko wenye mimba ya mifuko.
Ukifungua kabati unakurukia kifuani
kama paka aliyefungiwa.

Mama yangu Genowefa huiosha.
Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni,
kisha huianika roshanini, vibanio viwili kila mmoja,
na upepo wa Baltiki ukija huijaza pomoni
hadi jirani wa ng'ambo akauliza
ni wageni gani hawa wasio na vichwa.

"Bibi, hii ni aibu,"
asema Kalina, binti yangu, miaka kumi na sita.
Begani ana mfuko wa pamba uliochorwa nyangumi.
Ya namna hiyo anayo kumi na saba,
niliihesabu nilipokuwa natafuta soksi:
mmoja wa benki, mmoja wa daktari wa meno,
mmoja umeandikwa *Mimi si plastiki*,
nao ulikuja posta, umevikwa plastiki.

Mama hajibu. Anamenya viazi.
Maganda yanaangukia gazeti la juzi.

Mimi najua asichokisema.
Enzi za foleni, nyama ikipimwa kwa kuponi,
mjomba Zenon alishuka melini kutoka Hamburg,
na ndani ya koti, umekunjwa kama barua ya siri,
mfuko mweupe wenye herufi nyekundu
ambazo hakuna nyumbani aliyezijua.
Mama akaenda nao kanisani. Mtupu.
Wanawake wakasogea kumpisha.
Miezi minane aliubeba,
na mkono wake ulipokatika akaushona kwa uzi wa viatu.
Mwalimu mmoja ndiye aliyekuja kutusomea:
*chakula cha mbwa, kilo mbili.*
Mama alicheka mpaka akakaa chini,
na Jumapili iliyofuata akatoka nao tena.

Kisha ikaja mingi, bure, kila duka, kila kibanda,
ikanasa mitini, ikaelea bandarini,
na kilichokuwa fahari kikawa cha kufutia viatu.
Kisha bure ikaisha, na watu wakakasirika.
Bwana Wiesław alikataa kulipa senti ishirini,
akatoka na nyanya kumi na mbili mikononi;
tatu zilifika nyumbani.

Wakatuletea wa karatasi. Mvua ya Novemba ikaula
kituoni, mayai yakiwa ndani.
Wakatuletea wa wanga wa mahindi,
Kalina akauzika kwenye mboji nyuma ya jengo
kwa taadhima, kama anayezika ndege.
Miaka miwili baadaye sepetu ikaufukua,
umechakaa, lakini unasomeka bado:
*Nitaoza.*

Sisemi mtoto amekosea.
Nimeyaona matumbo ya shakwe yaliyopasuliwa pwani,
vifuniko, vijiti vya pipi, rangi za sherehe.
Sisemi pia kwamba mama ndiye mwenye haki.
Ila mfuko wake mmoja wa mkate una miaka tisa,
na ule wa nyangumi haujabeba hata kitunguu.

Jioni tunaaga. Mama anamfungia Kalina mtungi wa matango,
anakwenda kabatini, anachagua, anaunyoosha kwa kiganja
mmoja uliokunjwa pembetatu, safi, laini kama kope.
"Asante, Bibi. Nitaushika tu."
Akateremka ngazi zote nne, mtungi kaukumbatia,
maji ya chumvi yakimchuruzika kwenye mkono wa koti.

Nikabaki mlangoni na pembetatu ile.
Mama akaniambia, bila kugeuka, "Rudisha."

Wanasema akiba haiozi.
Naam. Haiozi.
Siku moja kabati hili nitalifungua peke yangu,
utanirukia kifuani,
nami sijui hata sasa
nitakapoupeleka.