Jani Gizani, Dakika Ishirini

Mwezi wa Mei mvua ilikataa kuaga.
Ilikaa juu ya uwanda wa Konya kama mgeni aliyesahau kwao,
baridi, nyembamba, asubuhi hadi asubuhi,
nasi tukashangilia: mwaka huu ngano itajaa.
Nikapita konde la chini na suruali nyeusi,
nikarudi nyumbani magoti yakiwa manjano.

Mama mkwe, Zubeyde, alidhani ni chavua.
Nikamwonyesha jani: milia, mshono kwa mshono,
unga umejipanga kufuata mishipa
kana kwamba cherehani imepita bila fundi.
Nikapangusa. Kidole kikasema: kutu.

Akaja Tuncay wa kituo cha utafiti,
kijana wa miwani, viatu vya mjini vimemezwa na tope.
Hakuuliza nilitia mbolea kiasi gani.
Alilibana jani kwa kibanio cheusi, mfano wa cha kuanikia nguo,
akafunga kijidirisha chake.
"Lisahau jua kwanza," akasema, "ndipo tuliulize.
Dakika ishirini."

Dakika ishirini ni nyingi ukiwa na deni.
Nilihesabu dizeli, mbegu, benki ya kilimo,
na simu ya Kadir kutoka Ujerumani,
Kadir anayeuliza hali ya hewa
ili asiulize hali yangu.

Akafungua. Akalipiga mwanga mmoja mkali.
Jani zima hujibu nukta themanini na tatu.
Langu lilijibu hamsini na nane.
"Usanisinuru umelegea," akasema,
kisha akaniona uso, akatafuta maneno mengine:
moto upo jikoni, mpishi hana mikono;
nuru inaingia, haina pa kwenda,
inaunguza sufuria.

Kuvu haivunji mlango.
Inapapasa mpaka ipate kitundu cha kupumulia,
inajipenyeza, inachomeka mrija ndani ya seli iliyo hai
na haiiui. Nani achinje ng'ombe anayemkamua?
Inafyonza sukari, inabakiza duara la kijani mdomoni pake
huku jani lililobaki linazeeka.
Halafu ngozi inapasuka, unga unatoka,
na maji nayo yanatoka, hata usiku.
Juni ingekuja na joto lake
ikute mtungi mtupu.

Konde la juu ni kipande tu, karibu na mawe.
Huko nilipanda mbegu ya mama yangu,
niliyokuja nayo ndani ya soksi mwaka nilioolewa.
Fupi, yenye madoa. Kadir huiita ngano ya ndui.
Tuncay alipiga magoti topeni, akabana jani, akangoja.
Sabini na sita.

Kila doa, alisema, ni seli iliyojiua
mgeni akiwa ndani.
Jani hujipikia lenyewe ile dawa ya kidonda,
ile inayotoa povu, aliyonimwagia mama gotini
nilipoanguka na baiskeli.
Linachoma chumba kimoja
mwizi asivuke ukumbini.
"Lakini si bure," akaongeza, kama anayeomba radhi.
"Sukari ya kujilinda ndiyo hiyohiyo sukari ya punje."
Nikamwambia najua.
Nilikuwa najua bila mashine.

Julai, mashine ya Selami ilivuna konde la chini
ndani ya vumbi la rangi ya manjano, yeye akikohoa.
Punje zilikuwa nyepesi, zimekunjamana, za kuku.
La juu lilitoa magunia kumi na moja.
Si maajabu. Kumi na moja.

Usiku ule Kadir alipiga, akauliza hali ya hewa.
Nikasema: jua.
Kisha nikanyamaza, simu sikioni, taa nimezima,
nione kama atauliza jingine.
Mkono wa pili ulikuwa unajaza soksi.