Kumi Bora za Elinami

Desemba, elfu mbili na nne. Redio ikatangaza kumi zake.
Elinami, fundi kanda wa Mbuyuni, Moshi,
hakubishana. Alifungua daftari la madeni:

"Ya kwanza ni hii. Imerudi mara saba,
utepe umetafunwa, umekunjamana kama utumbo wa kuku;
nikauunga kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Ya pili, kwaya ya Kibosho.
Mama Ndeshi aliileta inanuka moshi wa kuni.
Upande wa pili umefifia
pale tu anapopokea dada yake, marehemu,
kwa kurudishwa nyuma,
kurudishwa nyuma.

Ya tatu sijui jina, karatasi ilibanduka.
Mpiga debe mmoja alilipa nusu,
nusu nyingine mzigo ukifika.
Haujafika.

Albamu za wale vijana wa Arusha, kofia mpaka machoni?
Ziliuzwa, sikatai.
Hakuna hata moja iliyokuja kutengenezwa.
Safi, kama sahani za wageni."

Na ya nne mpaka ya kumi?

Akachomeka penseli kwenye tundu la kanda,
akazungusha taratibu, jicho kwenye utepe.
"Una haraka gani? Watu bado wanasikiliza."